Kiti cha Magurudumu Mlangoni pa Jumba la Kale: Maswali ya Wasomaji na Majibu

Toleo lililopita tuliwaomba wasomaji wa Lamu na Malindi watuandikie kuhusu kuzuru makumbusho, ngome na magofu ya pwani kwa mtu anayetumia kiti cha magurudumu. Barua tano nimezichapa hapa pamoja na majibu yangu. Mimi mwenyewe hutumia kiti hicho kila siku, kwa hivyo nisemayo kuhusu ngazi na vizingiti nimeyapima kwa magurudumu yangu.

Assalamu alaykum. Mama yangu alizaliwa Mkomani, Lamu, akaolewa Malindi akiwa msichana. Miaka miwili iliyopita alipatwa na kiharusi na sasa hutembezwa kwa kiti. Hamu yake ni kuuona tena mji wake, na kuingia katika makumbusho yaliyo pwani ili aione siwa, ile baragumu ya watawala wa kale. Kaka zangu wanasema Lamu si mahali pa kiti. Je, ni kweli?
*Binti wa Mkomani, Malindi*

Wa alaykumu salaam, mwanangu. Kaka zako wamesema kweli kuhusu sehemu moja ya mji, lakini wameifanya sehemu hiyo kuwa mji mzima. Mpeleke mama, ila safari yake uipange kuanzia majini, kwa sababu kikwazo kikubwa kuliko vyote hamtakikuta ndani ya jumba lolote, mtakikuta gatini.

Kutoka Malindi mtapita Garsen na Witu hadi Mokowe, kisha mtavuka kwa boti. Hata mkienda kwa ndege mtashukia kisiwa cha Manda, na maji ya kuvuka yatakuwa yanawangoja vilevile. Katika pwani yetu bahari hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita tatu siku za bamvu, yaani maji makubwa ya mwezi mpya na mpevu, na maana yake ni kwamba ngazi za gati ambazo maji yakijaa huonekana mbili au tatu, maji yakipwa huwa ngazi nyingi zenye utelezi wa mwani. Chagueni kwanza siku, kisha saa. Siku za maji mafu tofauti kati ya kujaa na kupwa ni ndogo, kwa hivyo hata mkichelewa njiani hamtakuta boti imezama chini ya gati kama iliyo kisimani. Mkilazimika kuvuka siku za bamvu, fanyeni hivyo maji yakiwa yamejaa, wakati ukingo wa boti unapokaribia kulingana na gati. Mama yako ni mzaliwa wa Mkomani, na sidhani kama atahitaji kufundishwa hesabu ya mwezi na maji. Mwulize yeye kabla ya kutazama jedwali lolote.

Zungumza na nahodha siku moja kabla, usimsubiri gatini penye zogo la abiria na mizigo. Taka boti pana yenye kingo za chini. Mama akae juu ya ubao wa boti akiwa amevaa jaketi la kujiokolea, na kiti kikunjwe na kufungwa kamba mahali pake. Asivuke akiwa ameketi juu ya kiti chake, kwa kuwa breki za kiti zimeundwa kwa ajili ya sakafu iliyotulia, wala hazijui wimbi.

Mkishafika, mtakuta neema ambayo wageni wengi hawaitambui. Ngome ya Lamu, iliyoanza kujengwa karibu na mwaka 1813 na kumalizika karibu na 1821, ilisimama ufuoni penyewe. Ardhi iliyo mbele yake leo ilijazwa baadaye, na barabara ya pwani imepita juu ya ardhi hiyo. Ndiyo sababu sehemu ya pwani ni tambarare, na Usita wa Mui, njia kuu ya mji iliyo sambamba nayo, hauna mwinuko wa kutisha. Vichochoro vinavyopanda kuelekea magharibi ni habari nyingine: huko mtakutana na mifereji ya maji, ngazi moja moja zisizotarajiwa, na punda waliobeba matofali. Upana si tatizo kubwa kama watu wanavyodhani, kwani kiti cha kawaida kina upana wa sentimita 60 hadi 70, na penye nafasi ya punda mwenye shehena kiti nacho hupita. Tatizo ni pale mnapokutana uso kwa uso. Tokeni asubuhi mapema, na mtu mmoja atangulie hatua kadhaa mbele ya kiti.

Kuhusu makumbusho ya pwani, jumba lile ni la mwishoni mwa karne ya 19 na watawala wa kikoloni waliwahi kuishi humo. Siwa anazotamani mama ni mbili, ile ya Lamu ya shaba na ile ya Pate iliyochongwa kwa pembe za ndovu. Kabla ya kwenda piga simu, lakini usiulize kama mtu wa kiti anaweza kuingia. Ukiuliza hivyo utajibiwa, "Hapana shida, njooni tu," na jibu hilo litatoka katika moyo mwema kabisa, ila halitakupa habari yoyote. Uliza maswali yanayojibiwa kwa hesabu: kuna ngazi ngapi kutoka njiani hadi mlangoni, ya juu kupita zote ina kimo cha sentimita ngapi, mlango una upana gani, na ni vitu gani vinavyoonyeshwa chini bila kupanda ghorofani. Uliza hasa siwa ziko wapi siku hiyo, kwa maana makumbusho huhamisha vitu.

Neno moja kuhusu milango yetu ya nakshi, kwa sababu wengi hukata tamaa mbele yake bure. Mlango wa Kiswahili una mbawa mbili, na mara nyingi hufunguliwa upande mmoja tu. Mfaa ule unaoonekana katikati kama nguzo umeshikamana na ubawa mmoja, haukusimama peke yake. Ukiomba mbawa zote zifunguliwe, mfaa huenda na ubawa wake na njia hupanuka. Kinachobaki ni kizingiti cha chini, ubao ulioinuka ambao mwenye miguu huuvuka bila kuufikiria. Huo huvukwa kwa kuinua kwanza magurudumu madogo ya mbele, kisha kuyaviringisha yale makubwa juu yake polepole.

Makumbusho ya Nyumba ya Kiswahili, iliyo ndani ya mji, ni ngumu zaidi, na ningependa ulijue hilo mapema. Ni nyumba ya karne ya 18, na nyumba za aina hiyo zilijengwa kwa boriti za mikoko ambazo haziwezi kuvuka nafasi ya zaidi ya mita tatu hivi, ndiyo maana misana yake, yaani kumbi zake za ndani, ni mirefu na myembamba. Kiti kinahitaji duara la mita moja na nusu ili kigeuke; ukiweka kitanda na makasha ndani ya msana, duara hilo limekwisha. Mama anaweza kupokewa dakani, yaani ukumbi wa mlangoni, mahali ambapo nyumba hizi zimewapokea wageni tangu zilipojengwa, na mwongozaji akamsimulia zidaka, vile vishubaka vya ukutani, na vyumba vya ndani kutoka hapo. Lakini kama nguvu zake zinatosha jumba moja tu kwa siku, chagua lile la pwani.

Nilikwenda na mwanangu, anayetumia kiti, kwenye jumba moja la kihistoria. Mlangoni kulikuwa na ngazi mbili. Nilipouliza kwa nini pasiwekwe njia ya mteremko, niliambiwa kwamba jengo la kale linalindwa na sheria na haliruhusiwi kuguswa. Je, sheria inasema hivyo?
*Mzazi, Langoni, Lamu*

Ndugu yangu, sheria haisemi hivyo, na jibu hilo limewarudisha nyumbani watu wengi mno.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa kiasi kinachowezekana, pamoja na haki ya kutumia usafiri wa umma na kupata habari. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006 na kuridhiwa na Kenya mwaka 2008, umekwenda mbali zaidi, kwani kifungu chake cha 30 kinataja makumbusho kwa jina, na kinataka pia watu wenye ulemavu wafikie, kadiri inavyowezekana, mahali na majengo yenye umuhimu kwa utamaduni wa taifa. Zingatia maneno hayo "kadiri inavyowezekana". Yameandikwa kwa kuwa kila mtu anajua ngome si hospitali mpya, lakini yanamtaka mwenye jengo aonyeshe kwamba amejaribu.

Ni kweli kwamba Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 inakataza kubadilisha jengo lililotangazwa kuwa turathi bila idhini, na ni kweli kwamba mji wa kale wa Lamu umo katika orodha ya Turathi za Dunia tangu mwaka 2001. Hayo yote nayaunga mkono kwa moyo wangu wote. Lakini kuhitaji idhini si sawa na kukatazwa. Kule Athens, juu ya mwamba wa Akropoli, penye magofu ya karibu miaka 2500, iliwekwa lifti mpya kwa ajili ya watu wenye ulemavu mnamo Desemba 2020. Ikiwa pale palipatikana njia, ngazi mbili za Lamu hazituzidi nguvu.

Tufanye hesabu, maana ombi lenye hesabu hujibiwa. Kipimo kinachotumika sana kwa njia ya mteremko ni kwamba kila sentimita 1 ya kimo ihitaji sentimita 12 za urefu. Ngazi mbili zenye kimo cha sentimita 15 kila moja ni sentimita 30, kwa hivyo njia yake itahitaji urefu wa mita 3 na sentimita 60. Katika kichochoro chenye upana wa mita mbili njia hiyo haiwezi kusimama siku zote bila kuwazibia wapita njia, na hapo tusimlaumu msimamizi bure. Ila inaweza kutengenezwa kwa mbao, vipande viwili vinavyounganishwa, vyenye kingo pande zote mbili ili gurudumu lisitoke, ikalazwa sambamba na ukuta mgeni anapofika na kuondolewa akishapita. Mbao haziugusi ukuta wala hazihitaji msumari katika jiwe.

Jambo ambalo ningelipinga hata mimi mwenye kiti ni kumwaga saruji juu ya ngazi za kale. Nyumba zetu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta hizo hupumua. Saruji huufungia unyevu ndani, chumvi ikajikusanya, na baada ya miaka michache jiwe huanza kumomonyoka kama mkate. Fundi yeyote wa chokaa wa Lamu atakwambia hayo. Atakayekataa saruji analinda nyumba. Atakayekataa mbao hana hoja hiyo.

Mwandikie msimamizi barua fupi yenye kimo cha ngazi, upana wa mlango na mchoro wa mbao hizo, na nakala uipeleke katika ofisi ya kaunti ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Mwanao naye atie sahihi, kwa sababu haki hiyo ni yake.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Tunapanga kuwapeleka wanafunzi Gedi, na wawili kati yao wanatumia viti. Mwenzangu mmoja amependekeza wawili hao wabaki chini ya mti karibu na lango, wapewe soda, hadi wenzao watakaporudi kutoka kwenye kasri. Nisaidie.
*Mwalimu, Malindi*

Mwalimu, nakuomba sana usikubali pendekezo hilo. Nimewahi kuachwa chini ya mti kama huo, nikiwa na soda mkononi, nikisikia vicheko vya wenzangu vikitoka nyuma ya kuta, na hadi leo siwezi kukueleza mahali pale palifananaje ndani, ilhali ladha ya soda ile naikumbuka. Aliyefanya hivyo hakuwa na nia mbaya. Ndiyo maana nakuonya mapema, kabla siku yenyewe haijafika na haraka haijakushika.

Gedi iko kilomita 16 hivi kusini mwa Malindi, na mwaka 2024 iliingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia. Ni mji uliokaliwa tangu karibu na karne ya 12 hadi ya 17, ukamezwa na msitu. Ardhi yake ni ya mawe ya matumbawe, majani makavu na mizizi, na kinachoshindwa hapo ni yale magurudumu madogo ya mbele. Mwenye kusukuma akiinamisha kiti nyuma kidogo na kukiendesha kwa magurudumu makubwa peke yake, au akikivuta kinyumenyume penye mizizi, kiti kitapita mahali ambapo kingenasa. Kwa kila kiti panga wasukumaji wawili watu wazima wapokezane. Msiende wakati wa masika.

Kasri lenyewe ni suala la pekee. Nyua zake zimechimbwa chini kuliko ardhi inayozizunguka, na huteremkiwa kwa vidato, tena milango ya ndani ni myembamba. Nenda wewe kwanza wiki moja kabla, ukiwa na utepe wa kupimia, uone kiti kinafika wapi. Kisha mahali hapo kinapofikia ndipo patakuwa darasa la wote. Wanafunzi arobaini wakiketi ukingoni mwa ua, wakiutazama kutoka juu, watauelewa mpangilio wake vizuri zaidi kuliko wakisukumana ndani kwa zamu. Wanaotaka kushuka washuke baadaye, wakiwa na kazi ya kupima na kurudi kuwasomea vipimo wale wawili, ambao ndio watakaochora ramani ya darasa.

Wala somo la Gedi haliko ndani ya kuta za kasri tu. Mwanaakiolojia James Kirkman alipochimba pale kati ya 1948 na 1958, nyumba kadhaa zilipewa majina kwa kile kilichookotwa ndani: kuna Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Bakuli la Kauri, Nyumba ya Kisanduku cha Pembe. Waulize wanafunzi nyumba zao zingeitwaje zikifukuliwa baada ya miaka mia sita. Kuna kaburi lenye tarehe, mwaka 802 wa Hijria, ambao ni 1399, na juu yake mwanafunzi yeyote atajifunza kubadilisha hesabu ya miaka. Visima navyo vina kisa chao: vilikuwa vikichimbwa zaidi na zaidi kwa kuwa maji yalikuwa yakishuka, na hiyo ni mojawapo ya sababu zinazotajwa za watu kuuhama mji. Angalia tu kwamba kiti kikisimama karibu na kisima breki zote mbili zifungwe, na mtu mzima akae kati ya kiti na shimo.

Binti yangu anaishi Paris na amenialika. Ninatumia kiti. Nasikia kiingilio cha majumba ya kifalme huko ni ghali.
*Baba, Maweni, Malindi*

Kwako hakitakuwa ghali. Louvre, ambayo kabla ya kuwa makumbusho ilikuwa kasri la wafalme, na kasri la Versailles, huwaruhusu watu wenye ulemavu kuingia bure pamoja na mtu mmoja anayewasindikiza. Chukua kadi yako ya ulemavu, na barua ya daktari iliyotafsiriwa kwa Kifaransa. Uwanja wa mbele wa Versailles umetandikwa mawe yenye mabonde, kwa hivyo binti yako awe na mikono yenye nguvu siku hiyo, au aombe msaada langoni. Shirika la ndege liarifu kuhusu kiti angalau saa 48 kabla ya safari, na kama ni kiti cha umeme, waambie betri yake ni ya aina gani.

Nina umri wa miaka 74. Utotoni mwangu ngome ya Lamu ilikuwa jela na hatukuthubutu kuikaribia. Nilipopata nafasi ya kuingia, miguu ilikuwa imekwisha. Wajukuu wangu wanataka kunibeba hadi juu. Mke wangu asema ni aibu kwa mtu mzima kubebwa hadharani. Nifanye nini?
*Mzee wa Lamu*

Shikamoo, mzee wetu. Ngome ile ilikuwa jela tangu 1910 hadi 1984, kwa hivyo si wewe peke yako uliyekua ukiipitia mbali.

Kuhusu aibu, mimi naona hivi. Aibu hutokea pale mtu anapobebwa bila kuulizwa, akashikwa kwapani na watu asiowajua, akainuliwa kama gunia huku wengine wakitazama. Hayo yamenifika na sijayasahau. Lakini mzee anayekaa kitini mwake na kuwaamuru wajukuu wake, "Sasa," wakainua, na "Simameni," wakasimama, huyo hajabebwa kwa aibu, ameongoza msafara. Uamuzi ni wako. Bibi nyumbani mweleze kwa upole, na umwalike aje naye.

Ukiamua kwenda, wawe wanne wenye nguvu, na uwakatae wanaotaka kujionyesha. Kabla ya yote wapande wenyewe mikono mitupu, wazihesabu ngazi na kupima kama kiti kinapita. Kiti kipande kinyumenyume, mgongo wako ukielekea juu: mmoja nyuma akishika vishikio, mmoja mbele akishika fremu, magurudumu makubwa yakipanda kidato kimoja kwa wakati, na wawili wengine wakae tayari kupokea zamu. Wasishike kabisa mahali pa kuwekea mikono wala pa kuwekea miguu, kwa sababu sehemu hizo nyingi huchomoka. Mimi mwenyewe niliwahi kubaki hewani upande mmoja, mjukuu wa watu akiwa na kipande cha kiti mkononi. Wakati wa kushuka uso wako uelekee chini, kiti kikiwa kimeinamishwa nyuma. Anayetoa amri ni mmoja, naye ni wewe.

Ikiwa ngazi ni nyembamba kuliko kiti chako, tumieni kiti cha mbao chenye mikono, chepesi na imara, ukiwa umefungwa leso pana kifuani. Na ikiwa daktari amekwambia mifupa yako ni dhaifu, usipande. Kaa katika ua wa ndani, ambako kuta zote nne utaziona, na wajukuu wapande wakakupigie picha.

Ukifika juu, breki zifungwe, kisha wakugeuze uelekee baharini uione Manda. Kaa utakavyo, uwahadithie ngome ilivyokuwa, maana wao hawakuiona ikiwa jela. Ila kushuka muanze jua likiwa bado lipo, kwa kuwa ndani ya ngazi za kale giza huingia mapema kuliko nje.